Uzi maalumu: Waandishi wetu, someni vitabu vyenu dukani kabla ya kukodi ukumbi

#1 Mleta uzi (Dar)

Wakuu, salaam.

Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu, leo nalileta jamvini. Mwandishi wetu akimaliza kitabu, wazo la kwanza linalomjia ni uzinduzi. Anatafuta ukumbi, anatafuta mshereheshaji, anaandika barua kumwomba mgeni rasmi, na wiki moja kabla anajibiwa kwamba mheshimiwa amepata udhuru, atatuma mwakilishi. Siku yenyewe, shughuli ya saa nane inaanza saa kumi. Katibu anamkaribisha mwenyekiti, mwenyekiti anamkaribisha mlezi, mlezi anaomba itifaki izingatiwe. Keki yenye picha ya jalada inakatwa, nakala ya kwanza inanadiwa, watu wanapiga picha na kutawanyika. Muda wote huo hakuna aliyesikia hata ukurasa mmoja wa kitabu ukisomwa.

Sherehe siipingi, mtu amehangaika na kazi yake miaka, ana haki ya kufurahi. Ninachoomba ni kitabu kisomwe, na kisomwe kwenye duka la vitabu. Nasema duka dogo, la mtu binafsi, ambalo mwenyewe anajua kila kitabu kiko rafu gani na nani alikiulizia wiki iliyopita.

Dar sehemu za namna hiyo zipo. Soma Book Cafe pale Regent Estate, Mikocheni, ni mahali ambapo usomaji wa vitabu na mashairi umezoeleka, unakunywa chai yako huku vitabu vimekuzunguka. Mjini, Mtaa wa Samora, lipo duka la TPH, jina lililobaki tangu enzi za shirika la uchapishaji la Tanzania Publishing House lililoanzishwa mwaka 1966. Mzee Walter Bgoya aliingia pale kama meneja mkuu mwaka 1972, mwaka uleule TPH ilipotoa kitabu cha Walter Rodney, *How Europe Underdeveloped Africa*, kwa kushirikiana na wachapishaji Bogle-L'Ouverture wa London. Alipoondoka akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Mkuki na Nyota, mwaka 1991. Kwa hiyo duka la vitabu kuwa kijiwe cha watu wanaobishana juu ya walichosoma si mtindo wa kuiga ugenini, ni historia ya mji wetu wenyewe.

Niwasimulie usomaji mmoja nilioushuhudia. Rafu ya katikati ilikuwa imesogezwa ukutani, viti vya plastiki vimepangwa, vingine vimeazimwa kwa mama ntilie wa jirani. Mwandishi alikuwa mama wa makamo, kitabu chake cha kwanza. Nilikaa karibu nikaiona nakala aliyokuwa akisomea. Ilijaa alama za penseli: mkwaju mmoja pa kuvuta pumzi, miwili pa kunyamaza kidogo, na aya mbili nzima amezizungushia duara kwa sababu alikusudia kuziruka. Hakuanza na sura ya kwanza. Alifungua pale ambapo mjane na shemeji yake wanagombea cherehani ya marehemu, akasoma mazungumzo yale kwa sauti ya kawaida tu, bila kuigiza, kama dakika kumi na mbili. Kijana wa bodaboda aliyeleta mzigo alibaki amesimama mlangoni, kofia yake ngumu mkononi. Ulipofika muda wa maswali, yeye ndiye aliyeanza: "Samahani mama, cherehani aliichukua nani?" Mwandishi akamwambia jibu liko sura ya tisa. Watu wakacheka, na foleni ya kununua ikaanza palepale.

Hiyo ndiyo kazi ya usomaji. Msikilizaji anaondoka na swali ambalo kitabu peke yake ndicho kitakacholijibu. Hotuba ya mgeni rasmi inamweleza kwamba kitabu ni kizuri, na akishaelezwa hivyo hana tena sababu ya kukifungua.

Kwa anayejiandaa, nishauri machache. Chagua sehemu yenye watu wanaozungumza na jambo ambalo halijaisha. Usisimulie kitabu kizima kabla ya kusoma, maneno matatu manne ya kumweka msikilizaji mahali pake yanatosha. Soma dakika kumi, zikizidi sana kumi na tano, kisha funga kitabu hata kama watu wanataka zaidi. Na jisomee nyumbani kwa sauti huku simu ikirekodi, kisha ujisikilize. Sentensi ambayo jicho liliipita bila shida, ulimi utaikwaa.

Karibuni tujadili.

#2 Mama Vitabu (Mwanza)

Mleta uzi, ahsante. Mimi nina duka dogo la vitabu huku Mwanza na nimekaribisha waandishi kadhaa, kwa hiyo niseme upande wa hesabu, maana hapo ndipo watu wanapokosana.

Mwandishi aliyejichapishia huwa analeta kwa mali kauli. Ananiachia nakala, nikiuza namlipa, zisizotoka anazichukua. Tuchukue kitabu cha Sh 20,000. Duka likibaki na asilimia 40, ni Sh 8,000, mwandishi anapata Sh 12,000. Kama kuchapa nakala moja kulimgharimu Sh 7,000, faida yake ni Sh 5,000. Waandishi wengi wakisikia asilimia 40 wanaona nawanyonya. Lakini ndani ya ile Sh 8,000 mna kodi ya fremu, umeme, mshahara wa binti anayenisaidia, na miezi ambayo kitabu kimekaa rafuni bila kuulizwa. Siku ya usomaji mimi hushuka, maana najua mwandishi ameleta watu. Tunakubaliana mapema, tunaandika, kila mtu anabaki na nakala yake ya makubaliano. Maneno ya mdomo yameshaharibu undugu wa watu.

Faida yangu kubwa siku hiyo, wala siioni kwenye kitabu cha mwandishi aliyekuja kusoma. Mtu amekuja kwa ajili ya rafiki yake mwandishi, hajawahi kuingia duka la vitabu tangu amalize shule, anazungukazunguka kwenye rafu akisubiri shughuli ianze, anatoka na kitabu cha mtoto na riwaya ya zamani aliyoisoma kidato cha pili. Mwezi unaofuata anarudi. Huyo ndiye ninayemtafuta.

Mambo madogo yanayoharibu siku: nakala kuisha katikati ya foleni kwa sababu mwandishi aliacha boksi nyumbani. Kukosa chenji. Mtandao wa simu kusumbua, lipa namba haifanyi kazi na wateja wamekuja bila taslimu. Na mwandishi kuwauzia watu vitabu vyake mlangoni kwa bei ya chini kuliko yangu. Hilo limenitokea, na mtu huyo sikumkaribisha tena.

#3 Mwandishi wa Moro

Mleta uzi nakuheshimu, lakini hapa umetuonea. Mgeni rasmi unayemsema ndiye aliyelipa deni langu la mpiga chapa. Alinunua nakala ya kwanza kwa fedha ambayo nisingeipata kwa kuuza kitabu kimoja kimoja mwaka mzima, na meza yake ikafuata. Dukani wangekuja watu ishirini, wakanunua kumi na mbili. Wewe unaongelea fasihi, mimi nilikuwa nadaiwa.

#4 Mleta uzi (Dar)

Mkuu, hoja yako ni nzito na wengi wako kwenye hali yako. Deni la mpiga chapa si jambo la kupuuza.

Ila niulize, wale walionunua siku ile wangapi walikisoma? Mheshimiwa akinunua nakala kwa fedha nyingi anakusaidia wewe, na Mungu ambariki. Kitabu bado kinahitaji msomaji, mtu wa kumwambia jirani "hebu soma hiki". Wale kumi na mbili wa dukani walitoa fedha zao baada ya kusikia maandishi yenyewe, na ndio watakaokutafuta ukiandika cha pili. Fanya harambee yako ulipe deni, hilo sikukatazi. Lakini hapohapo ukumbini, dai dakika kumi za kusoma, ziandikwe kwenye ratiba kabla ya chakula. Mshereheshaji akizikata, simama mwenyewe uzidai. Kisha mwezi uleule nenda dukani.

#5 Mzee wa Mji Mkongwe

Mwanangu mleta uzi, umegusa penyewe.

Sisi watu wa pwani fasihi tuliipokea kwa sikio. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858, mama anamuusia binti yake, na kabla haujapigwa chapa uliishi kwa kunakiliwa kwa mkono na kughaniwa, wanawake wakisomeana majumbani. Msikilizaji akiujua ubeti anaumalizia pamoja na msomaji. Leo mwandishi wa riwaya anaona haya kusoma kazi yake mbele za watu, anamwachia mshereheshaji asome maneno ya nyuma ya jalada. Mie hilo linanisikitisha sana.

Tena nathari nayo ina mizani yake, hata kama haina vina. Aliyewahi kusikiliza msomaji mzuri wa maulidi anajua: hakimbii, na hapandishi sauti pasipo sababu. Anakuachia nafasi neno likuingie. Vijana wanaosoma dukani wajifunze hapo.

Na jengine. Abdulrazak Gurnah wetu alipopata Nobeli mwaka 2021, wengi hapa Unguja walikuwa hawajamsoma, kwa kuwa vitabu vyake ni vya Kiingereza. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota wakatoa *Peponi*, riwaya yake *Paradise* iliyotafsiriwa na Dk. Ida Hadjivayanis. Mie niliwasomea kurasa zake barazani wazee wenzangu wawili ambao Kiingereza hawakijui. Mmoja alinisimamisha kila mara kuuliza huyu ni mtoto wa nani na huyo ajuza katokea wapi. Mtu wa kumsomea tu ndiye aliyekuwa hajampata.

#6 Mleta uzi (Dar)

Shikamoo mzee. Nashukuru sana, hasa hilo la kumwachia msikilizaji nafasi. Wengi wetu tukishika maiki tunakimbia kama tunafukuzwa.

#7 Msomaji wa Nairobi

Nawasalimu kutoka Nairobi. Huku hali ina sura nyingine kidogo. Maduka ya watu binafsi yanayokaribisha waandishi yameongezeka. Nuria, lake Abdullahi Bulle, limejijengea jina kwa kupokea vitabu vya waandishi waliojichapishia, wale ambao maduka makubwa hayakuwa yakiwafungulia mlango. Soma Nami nao wamejikita katika vitabu vya Waafrika. Prestige pale Mama Ngina Street ni la siku nyingi. Na yote hayo yanauza vitabu vikiwa na VAT ya asilimia 16, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013, kwa hivyo ukiona bei usimlaumu muuzaji peke yake.

Lakini nina malalamiko mawili. Moja, usomaji mwingi ninaouhudhuria huwa wa vitabu vya Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili huku anategemea shule. Kitabu chake kikiteuliwa kutahiniwa katika KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, kinasomwa na mamia ya maelfu ya wanafunzi, wanakariri wahusika na maudhui, wanajua sifa za kila mhusika kwa nambari. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia mwandishi huyo akisoma aya moja, wala kumuuliza kwa nini alimuua mhusika fulani. Duka likiwaalika wanafunzi wa shule mbili za jirani Jumamosi moja, pamoja na mwalimu wao, na mwandishi asome badala ya kufundisha maudhui, nina hakika watoto hao watakikumbuka kitabu hicho nje ya mtihani.

La pili ni kwamba wanaokuja ni watu walewale. Shemeji, wenzake wa kazini, kikundi cha kanisani. Msomaji asiyemjua mwandishi tunampataje?

#8 Mama Vitabu (Mwanza)

Ndugu wa Nairobi, kwangu mimi nimeona njia mbili zinafanya kazi. Ya kwanza, siku iwe ileile kila mwezi. Watu wakijua Jumamosi ya mwisho baada ya alasiri kuna usomaji, wapo watakaokuja bila kujali mwandishi ni nani. Ya pili, simkaribishi mwandishi mmoja. Naweka wawili, mmoja anajulikana na mwingine mgeni, na mgeni ndiye anayetangulia kusoma. Watu wa yule anayejulikana wanamsikia mgeni wakitaka wasitake, na wapo wanaonunua vyote viwili.

Bango la WhatsApp lenye picha ya mwandishi amevaa suti halisaidii kitu. Mimi siku hizi natuma aya moja ya kitabu, mistari mitano sita, pamoja na saa na mahali.

#9 Mdau wa DC

Wakuu, niko Washington, DC. Niongeze la huku.

Kuna duka linaitwa Politics and Prose, barabara ya Connecticut. Lilifunguliwa mwaka 1984 na Carla Cohen, akajiunga naye Barbara Meade, na waandishi wanasoma pale karibu kila jioni. Mwaka 1989 walipohamia upande wa pili wa barabara, wateja na majirani ndio waliobeba vitabu kwa mikono kuvivusha, polisi wakazuia magari. Duka linalokusanya watu kila wiki linapata watu wa namna hiyo.

Ninachopenda ni namna wanavyopanga mambo. Mwandishi anatambulishwa kwa dakika mbili tatu na mfanyakazi wa duka ambaye amekisoma kitabu. Anasoma, anajibu maswali, na anayeuliza anasimama kwenye maiki iliyowekwa katikati ya viti ili wote wasikie. Kisha foleni ya kusainiwa. Kabla hujafika mezani, mfanyakazi anapita anakuuliza jina lako, analiandika kwenye kikaratasi cha kunata na kukibandika ukurasa utakaosainiwa. Mwandishi anaandika jina bila kukosea, wewe unapata nafasi ya kusema neno lako, foleni inasonga.

#10 Chipukizi (Geita)

Shikamooni wakubwa. Nimeusoma uzi wote. Nina riwaya nimejichapishia, nakala mia tatu, nyingi ziko chini ya kitanda. Sijawahi kusoma mbele ya watu. Naomba kuuliza: nikiwasainia watu vitabu nasaini wapi na naandika nini? Na nikienda dukani nianzie wapi, maana duka moja hapa mkoani waliniambia hawachukui vitabu vya mtu binafsi, hata kukifungua hawakukifungua.

#11 Mleta uzi (Dar)

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Hilo la duka lisikuvunje moyo.

Kwanza kusaini. Fungua ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu na jina lako, saini hapo. Usisaini kwenye karatasi nyeupe ya mwanzo, ile ikilegea inachanika na saini inakwenda nayo. Tumia biki ya kawaida au kalamu isiyopenya, maana vitabu vyetu vingi karatasi yake ni nyepesi na kalamu nene inatokea upande wa pili. Muulize mtu jina na umwombe akutajie herufi, hata kama unadhani unalijua. Kuna Asha, kuna Aisha, kuna Aysha, na kila mmoja anajali. Uliza pia kama ni chake au ni zawadi. Andika jina lake, neno fupi, saini yako, mahali na tarehe. Ukiwa na mistari mirefu ya hekima kwa kila mtu, wa mwisho kwenye foleni ataondoka.

Mtazame usoni. Wapo watu ambao hawajawahi kukutana na mwandishi maisha yao yote. Mtu kama huyo akikueleza kwamba na yeye anaandika, msikilize hata kama foleni ni ndefu.

Pia hakikisha kitabu kina ISBN, yaani namba yake ya utambulisho. Kwa Tanzania zinatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Duka linaloweka kumbukumbu zake vizuri litakuuliza.

Ukienda dukani, usianze kwa kuomba wakuchukulie boksi zima. Nunua kwanza kitabu pale, zungumza na mwenyewe, jua anauza nini. Riwaya ya mapenzi kwenye duka la vitabu vya dini utapoteza nauli yako bure. Mwachie nakala moja aisome na namba yako ya simu ndani yake.

Na hofu ya kusoma mbele za watu inapungua ukianza na wachache. Wakusanye watu watano nyumbani, soma ukurasa mmoja, tazama ni wapi wanainua vichwa na wapi wanashika simu. Pale waliposhika simu, hata ukiwa dukani ruka.

#12 Mwandishi wa Moro

Mleta uzi, hilo la dakika kumi kabla ya chakula nimelichukua. Uzinduzi wangu wa pili ni mwakani, nitasoma mwenyewe.

Chipukizi, nakala mia tatu si nyingi, zinaisha. Usizigawe bure kwa ndugu. Atakayepewa bure hatasoma.

#13 Mama Vitabu (Mwanza)

Chipukizi, Geita si mbali. Vitabu vya mtu binafsi mimi nachukua, ila lazima nikisome kwanza, siwezi kusimama mbele ya wateja wangu nikatambulisha kitabu nisichokijua. Usinitumie PDF, nataka nakala iliyochapwa nione na karatasi yake na jalada lake. Ninafunga saa kumi na mbili jioni, na Jumanne ndiyo siku yenye nafasi. Nikimaliza kukisoma nitakwambia ukweli, kama kina makosa mengi ya uhariri nitakuonyesha ni wapi. Kikinifaa, tutaandikiana mali kauli ya nakala ishirini za kuanzia na nitakuweka Jumamosi ya mwisho pamoja na mwandishi mwingine, wewe ukitangulia kusoma. Chagua kabisa ukurasa wako.